Mpimaji Aliyekataa Maharage ya Rozina

Siku ya kwanza kumwona Yuster, alikuwa amechuchumaa katikati ya shamba langu, anakata majani ya mtama na kuyatia kwenye mfuko. Hakuwa amepiga hodi. Nilisimama nyuma ya migomba nikamtazama. Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu, na wiki ile nilikuwa nimezidi.

Nilijua kilichomleta. Ng'ombe wa mzee Kazimili, Msukuma aliyehamia kwetu Nyamahanga kutoka Shinyanga, walikuwa wamefia shambani mwangu. Kila mwaka nikishavuna namwacha alishe mabua, nami nabaki na samadi. Safari hii mvua ilinyesha kidogo ikakatika, visiki vya mtama vikachipua. Ng'ombe waliingia asubuhi wakiwa wazima. Kabla ya mchana baadhi walikuwa chini, wanatoa povu. Kazimili akatangaza kwamba nimewawekea sumu. Niliponyamaza, watu wakasema kimya changu kinatosha. Kijiji kilikuwa kinasubiri vipimo ili kiamue nihame au nibaki.

Yuster alikuwa Mhangaza wa Kanazi, kule Ngara, mwanamke mwembamba wa rika langu, anayetembea na pikipiki kupima udongo, maji na malisho ya watu. Aliitwa na serikali ya kijiji. Lakini nilisikia kwamba alipitia kwanza kwa Kazimili, wakaongea na kucheka, nikajua ameshanunuliwa.

Mke wangu Rozina alimtengea ndizi na maharage. Akashukuru, akasema hatakula. Hata maji alikunywa ya chupa yake. Kwetu, mgeni akikataa chakula cha nyumba inayosemwa kwa sumu, ameshahukumu. Kazimili alikuwa amesimama uani na jamaa zake.

"Mmeona?" aliwaambia. "Hata mtaalamu anaogopa."

Yuster aliponda majani, akayatia kwenye kichupa, akaning'iniza humo kipande cha karatasi ya njano, akafunga. Kisha akakibana kwapani kipate joto. Jamaa mmoja akauliza kama huyu ni mpimaji au mganga. Yuster akazidi kukibana. Alipokitoa, karatasi ilikuwa imegeuka nyekundu kama tofali.

"Ni sumu," alisema.

Wote wakanigeukia. Rozina akashika mlango.

Yuster akaendelea kwa sauti ileile. Alisema sumu hiyo haikuwekwa na mtu, imo ndani ya jani lenyewe, sawa na ile ya muhogo mchungu kabla haujalowekwa. Mtama unaochipua kisha ukakosa maji huwa nayo nyingi. Kazimili akacheka, akasema karatasi hata yeye anaweza kuipaka rangi nyumbani.

"Basi kata mwenyewe, mzee," Yuster akamwambia. "Kwako si kuna mtama pia?"

Kazimili akaenda. Alikata machipukizi ya visiki vyake mwenyewe, akarudi nayo uani, akayaponda mwenyewe, akakibana kichupa kwapani mwake, macho yote kwangu, kana kwamba ningeweza kuipuliza sumu nikiwa pale nilipokaa. Karatasi ikatoka nyekundu. Aliinusa, akaitazama juani, halafu akaniuliza jana nililala wapi.

Jamaa zake wenyewe ndio waliocheka. Mmoja baada ya mwingine wakaondoka, na habari ya mimi kuhama haikuzungumzwa tena.

Yuster akanawa mikono, akauliza kama chakula kipo. Akala chote. Alitueleza kwamba alifundishwa kupima maji kambini Ngara, enzi za wakimbizi, akiwa binti, na huko ukila kwa mmoja, wa pili anasema umehongwa. Ndiyo maana hali mpaka kazi iishe. Kazimili alibaki kwenye gogo, akimwangalia kama anayesubiri aanguke. Mimi nami nilikuwa namwangalia. Hadi leo sijajua yeye na Kazimili walikuwa wanacheka nini asubuhi ile.

Hakurudi tena kwetu. Nasikia siku hizi anapima kule Nemba. Siku ile alipowasha pikipiki aliniita karibu, akainamisha kichwa.

"Baba Anjelika, mwambie mkeo maharage yamezidi chumvi. Na yule mzee akileta ng'ombe kabla machipukizi hayajakauka kabisa, mkatalie kwa sauti. Ukinyamaza wakafa tena, karatasi yangu haitakusaidia."