Bomba Lililovuja Tena

Kazi ya Zulhumor mjini Khujand ilikuwa kusikiliza mabomba. Asubuhi na mapema, kabla magari hayajaanza kelele, alisimika fimbo ya chuma barabarani, akatega sikio kwenye ncha yake ya juu, na maji yanayovuja chini yakamwambia yalipo. Mdhibiti wa serikali alikuwa ameibana kampuni ya maji: upotevu upungue, la sivyo leseni itasitishwa. Basi wasikilizaji hawakupumzika.

Mumewe, Abdufattoh, alikuwa fundi wa kampuni hiyohiyo. Mke akisikia mvujo, mume huingia shimoni akaziba. Theluji ilipoyeyuka mwaka ule, akiwa ndiyo kwanza amemaliza kuweka kiraka, kuta za shimo zilimporomokea, akafukiwa. Msibani Zulhumor hakutoa chozi. Wanawake waliomzunguka walilia badala yake. Arobaini ilipopita akarudi kazini. Akawa anakula akipewa, analala akiambiwa.

Kiangazi wakampeleka mtaa uleule. Fimbo ilipogusa lami, akasikia mvumo. Akasogea kidogo, ukazidi. Bomba alilolifia mumewe lilikuwa linavuja tena.

"Hapa," akamwambia msimamizi wake, Boymurod.

Boymurod akavua kofia. "Dada, nenda nyumbani. Nitaita mwingine asikilize."

"Nimeshasikiliza. Chimbeni."

"Hujisikii vibaya?"

"Sijisikii chochote, kaka. Ila safari hii wekeni mbao."

Wachimbaji wakazikinga kuta kwa mbao pande zote. Mchimbaji mmoja akatania, "Mbao zote hizi, tunajenga ghorofa?" Wenzake wakamkodolea macho, akanywea.

Udongo ulipoondolewa, kiraka cha Abdufattoh kilionekana kizima. Chuma cha pembeni yake ndicho kilichopasuka. Zulhumor alikitazama kiraka kama mtu anayetazama jiwe la njiani.

Boymurod akakohoa. "Pampu inasukuma kwa nguvu mno, ndiyo maana mabomba yanapasuka. Wiki hii tunafunga vali ya kupunguza msukumo. Mdhibiti ametushupalia."

"Vali imetoka wapi?"

"Stoo."

"Imekaa stoo tangu lini?"

Boymurod akainamisha kichwa. "Tangu mwaka jana. Hakuna aliyetuharakisha, dada."

Alingoja kofi, au tusi. Zulhumor akasema tu, "Haya," akaifuta fimbo kwa pindo la gauni.

Vali ikafungwa. Zulhumor akarudi kupima mtaa, na kina mama wa ghorofa za juu wakatoa vichwa madirishani.

"We mama wa maji! Huku juu maji yanatoka tone tone kama machozi ya bibi harusi wa kulazimishwa!"

"Jazeni ndoo asubuhi," akawajibu, hata kichwa hakuinua.

Akasikiliza kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Hapakuwa na mvumo popote. Boymurod alikuwa akimfuata nyumanyuma, na mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Zulhumor, unanichukia?"

Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua vizuri.

"Bado," akasema.

Kisha akaketi kivulini, akamega mkate, akautafuna polepole bila kusikia ladha yake. Boymurod akammiminia chai. Akaipokea, akanywa.