Wendelin Hakuwa Amelewa

Kila Jumatatu ya kanivali Sibilla Hüsgen, Billa kwa wenzake, alishika zamu. Wenzake wa idara ya mionzi hawakuwa wakiuliza tena. Walijua kwamba siku ambayo mji mzima umejivika mikia na pembe, Billa atakuwa kwenye chumba cha CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na chupa yake ya chai, na wao wako huru kwenda barabarani kurushiwa peremende. Wakamsifu kuwa ana moyo mwema. Wapi! Aliichukia kanivali, basi. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa chama cha kanivali cha Majogoo, na kila mwaka ni yeye, binti mkubwa, aliyetumwa kwenda kumtoa mzee chini ya meza na kumrudisha nyumbani huku majirani wakimpigia makofi.

Kazi yake, hata hivyo, aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote, na wanaume wawili watatu wa mji ule walilijua hilo kwa uchungu. Alipoanza, mashine ilipiga picha za kichwa kipande kwa kipande, ikikoroma kama jirani mwenye mafua, na mgonjwa akaambiwa azuie pumzi mpaka abadilike rangi. Picha zilitoka kwenye plastiki, zikashikiliwa dirishani, na madaktari wakabishana kama lile ni doa au ni kidole cha mtu. Sasa kichwa kizima kilikwisha kupigwa kabla mgonjwa hajamaliza kuuliza kama wameanza. Moyo ulinaswa katikati ya mapigo mawili, umetulia kama jiwe. Na chumba cha pili, kwenye ile mashine ya sumaku ambayo zamani iligonga kama karakana hadi watoto wakalia, goti sasa lilipigwa upesi na likaonekana hadi nyuzi zake. Billa hakuwa daktari wala hakujifanya daktari. Lakini mtu akimwambia kwamba mambo ya zamani yalikuwa bora, alimtazama kama anavyotazamwa mwendawazimu.

Mdogo wake, Wendelin, alikuwa muuza jibini katika soko la Jumamosi. Huyo alikuwa na mdomo. Angeweza kumuuzia jibini mtu aliyetoka nyumbani kutafuta viatu. Na alikuwa amekunywa, tusifiche. Alikunywa miaka mingi, na kilele chake ni mwaka ule alipoanguka ndani ya chemchemi ya mbele ya kanisa akiwa amevaa kiaskofu, akawabariki watu kutoka majini. Mkewe akamchukua mtoto wao, Merle, akaondoka. Siku hiyo Wendelin akaacha pombe, na hakuionja tena. Merle sasa ni msichana mkubwa aliyekwisha kumrudia baba yake, na kwenye kanivali Wendelin alipiga ngoma kubwa juu ya gari la chama huku akinywa maji ya matofaa. Yeye aliacha pombe, lakini mji haukuacha kumwita mlevi. Kila mwaka hadithi ya chemchemi ilisimuliwa upya, ikitiwa chumvi, na kila mwaka Wendelin alicheka pamoja nao kwa sababu angefanya nini.

Yaliyotokea barabarani Jumatatu ile Billa aliyapata baadaye, vipande vipande, lakini ni afadhali yakae mahali pake.

Wendelin alikuwa amejipaka uso nusu kwa nusu: upande wa kushoto mdomo mwekundu unaocheka hadi sikioni, upande wa kulia mdomo uleule umeshuka hadi kidevuni, na chozi la buluu. Gari lilipopita mbele ya duka la dawa, fimbo ya ngoma ilimtoka mkononi. Akaiokota. Ikamtoka tena. Akataka kusema kitu na kilichotoka kilikuwa uji. Pale juu alikuwepo mwenyekiti wa chama, Gereon Pesch, fundi bomba tajiri, tumbo lake limebanwa na vifungo vya dhahabu, na Gereon akacheka sana. Akawatangazia walio chini kwamba askofu amerudi, wakae mbali na chemchemi. Watu wakashangilia. Wanaume wawili wakamteremsha Wendelin na kumbeba hadi hema la chama nyuma ya benki, ambako walevi hulazwa kwenye magodoro, kila mmoja na ndoo yake, mpaka akili ziwarudie. Wahudumu wa hema walitaka kumkagua, maana ndio utaratibu. Gereon akawazuia.

"Huyu namjua," alisema. "Mwacheni alale."

Wakamwacha alale. Gwaride zima likapita, na bendi zake, na farasi wake, na gari la zimamoto lililorusha maua, na Wendelin yuko pale chini ya turubai, macho wazi, nusu ya uso wake inacheka. Mkono mmoja ulipapasa nguo za kila aliyepita. Mmoja alimpa peremende.

Aliyemwokoa ni Uschi Odenthal, mkunga mstaafu, aliyeingia zamu mchana ule. Wendelin alikuwa ametapika, na Uschi akamfuta uso kwa kitambaa cha maji kama alivyofuta nyuso za watoto wa nusu ya mji ule. Upande wa kulia rangi ikatoka, lakini mdomo ukabaki umeshuka palepale. Akamnusa kinywani: matofaa. Akawaita watu wa gari la wagonjwa kwa sauti ambayo, wanasema, ilisikika hadi benki.

Kwa hiyo alipoingizwa chumba cha CT, Billa aliona mcheza vichekesho mwingine tu, amefutwa upande mmoja. Alimtambua kwa masikio. Yalikuwa ya baba yao. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuanza kazi, na mikono hiyo haikumsubiri. Mwenzake mwingine hakuwepo. Wote walikuwa barabarani.

Daktari wa zamu, Aslı Demirkan, mwanamke mfupi anayeongea haraka, aliuliza swali moja: kiharusi kilianza saa ngapi? Hakuna aliyejua. Aliuliza nani alimwona mara ya mwisho akiwa mzima. Wabebaji wakasema walimkuta hemani, basi. Na hapa ndipo Billa alipohisi hasira ikimpanda kwa mara ya kwanza, kwa sababu alilijua vizuri swali lile. Zamani jibu la "hatujui" lilifunga mlango. Dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa ikichelewa hugeuka sumu, ubongo ukavuja damu, na hakuna daktari mwenye akili aliyethubutu kumpa mgonjwa bila kujua saa. Watu walilala wazima, wakaamka wamepooza, wakaambiwa pole. Siku hizi mashine inaweza kuulizwa badala ya mashahidi. Unamdunga mgonjwa dawa inayong'arisha damu, unapiga picha mfululizo, unaitazama damu inavyoingia na isipoingia, na kompyuta inakuchorea: nyekundu pamekufa, kijani pana njaa lakini pangali hai.

"Usitikisike, mdogo wangu," Billa alimwambia kupitia kipaza sauti, na sauti yake haikutetemeka. "Ni mimi hapa."

Picha ikaja. Pekundu palikuwa kama kiganja cha mtoto, upande wa kushoto, mahali maneno yanapotengenezwa. Pembezoni pake palikuwa na kijani kingi. Demirkan aligonga kioo kwa kucha, akasema pana cha kuokoa, twende, na wakamkimbiza chumba cha upasuaji ambako waya mwembamba ulipitishwa kinenani, ukapanda hadi kichwani, ukalivuta donge likatoka. Billa alibaki peke yake na skrini. Fikiria jambo hili, maana yeye hakuacha kulifikiria: mashine ile iliona mshipa mwembamba kama uzi ndani ya mfupa wa fuvu, na majirani waliomjua Wendelin tangu anatambaa hawakuweza kuona chini ya rangi.

Siku ya pili mchana Wendelin alikuwa hai. Mguu ulitii. Mkono wa kulia ulilala kando yake kama wa mtu mwingine. Akili ilikuwemo yote, mtu aliiona machoni, lakini maneno yalikuwa yamechanganywa. Merle alipoingia, baba yake aliangaza uso, akanyoosha mkono mzima, na kumwita "meza". Akajua amekosea. Akajaribu tena, ikatoka "meza" tena, na muuza jibini mwenye mdomo kuliko wote sokoni akageukia ukutani akalia. Merle alisema haidhuru, baba, niite chochote. Billa alitoka nje akaupiga ukuta wa korido teke, muuguzi mmoja akajifanya hakuona.

Hapo ndipo alipotokea Gereon Pesch na shada la maua. Alikuwa bado ana uchovu wa jana machoni. Alisema mji mzima unasikitika, chama kitalipia maua mengine, na Wendelin ni jabali. Kisha, kwa kuwa kimya kilikuwa kimemwelemea, akafanya alichofanya maisha yake yote kimya kikimwelemea: akatania.

"Usijali, Billa. Jioni tunamchoma Nubbel. Na hili tutamtwika yeye."

Nubbel ni mtu wa majani makavu, amevalishwa suruali kuukuu, huning'inizwa juu ya mlango wa baa siku zote za kanivali. Jioni ya mwisho hushushwa na kushitakiwa kwa dhambi za kila mtu. Nani alikunywa kodi ya nyumba? Nubbel! Nani alimbusu mke wa jirani? Nubbel! Wanamchoma, wanalia kilio cha uongo, na kesho yake wanakwenda kanisani kupakwa majivu wakiwa wepesi kama unyoya. Kwa wizi wa busu inafaa, sina ugomvi. Billa alimtazama Wendelin, akamwuliza kwa macho kama aonyeshe picha. Wendelin akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akamshika Gereon mkono wa koti, akampeleka mbele ya skrini.

"Hapa pekundu ni nini?" Gereon aliuliza.

"Pamekufa."

"Patapona lini?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, Gereon. Hapa ndipo palipokuwa na jina la mtoto wake. Alipodondosha fimbo palikuwa hai, pote au karibu pote. Pamekufa akiwa amelala hemani kwenu, na hospitali iko hapo tu, ng'ambo ya daraja."

"Sikujua, dada. Kweli kabisa, sikujua."

"Ungesema hujui, wangemkagua. Ulisema unamjua."

Mwenyekiti akakaa kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa pale, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Akatoa leso. Alisema atakiri, leo hii, mbele ya watu, kwa kipaza sauti, ili kila mtu ajue kwamba Wendelin Hüsgen hakuwa amelewa. Billa hakumwomba hilo, alijitolea mwenyewe. Na Wendelin alipoelezwa aliushika mkono wa dada yake akaubana, akaubana tena, kama mtu anayesema nenda. Maneno yake yalikuwa yamekwenda. Kilichobaki ni jina lake, na jina hilo lilitaka kusafishwa.

Basi Billa, aliyekuwa hajakanyaga kwenye sherehe ile tangu ujana, alikwenda moja kwa moja kutoka hospitali, na viatu vyake vyeupe vya kazini, akasimama mbele kabisa. Uwanja wa mbele ya baa ulijaa. Giza lilikuwa linaingia. Nubbel alilala juu ya meza, na Gereon, na vifungo vyake vya dhahabu, alisoma mashitaka kwa sauti ya kipadri. Nani alivunja dirisha la mwokaji? Nubbel! Nani alikojoa kwenye maua ya manispaa? Nubbel! Watoto walipiga kelele mabegani mwa baba zao. Gereon akamwona Billa. Akaishusha karatasi ya mashitaka.

"Na nani," alisema taratibu, "nani alimlaza mgonjwa hemani akamwita mlevi?"

Kwa muda wa pumzi moja angeweza kujibu mwenyewe. Billa aliuona mdomo wake ukifunguka. Lakini umati ulikuwa umekwisha kuzoea wimbo, na wote, wakubwa kwa wadogo, wakajibu kwa furaha.

"Nubbel!"

Gereon akafunga mdomo. Akainamisha kichwa kama mtu aliyesaidiwa mzigo, akaashiria kiberiti kiletwe.

"Ni Gereon Pesch!" Billa alipaza sauti. "Si majani! Ni huyo hapo!"

Nyuma yake mtu alicheka. Mwingine akarudia jina kwa sauti ya kuimba, Gereon Pesch, Gereon Pesch, na wengine wakadakia, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Moto ukashika suruali ya Nubbel. Billa alisema tena, kwa nguvu zaidi, kwamba mdogo wake hakuwa amelewa, hakuwa amelewa, na machozi yakamtoka, na mguu ukamteleza kwenye mawe yenye bia. Mwanamke mmoja aliyevaa mabawa ya nyuki, na kitambaa cha wahudumu wa hema amekifunga mkononi, akamdaka kiwiko kwa upole kabisa.

"Pole, mama," alimwambia. "Umezidisha kidogo leo. Njoo nikupeleke hemani ulale."

Billa akafungua kinywa kusema kwamba hajanywa hata tone, na kabla neno halijatoka aliona jinsi litakavyosikika.