Simu ya Mama Ilipoanza Kusema Kiswahili

Nimeshika simu za kutia kinyaa mimi. Zilizotumbukia chooni, nimefungua na kusafisha.

Lakini iliyonitoa kibandani kwenda kutema mate ilikuwa safi, na kava jipya juu.

Aliileta mama mmoja aliyekuwa mshonaji. Jicho moja limekwisha, la pili linaona vivuli tu. Alishikwa mkono na mwanawe, jitu zima lenye ndevu, linanukia manukato.

Mama akasema anataka simu imsomee meseji, maana amechoka kumsumbua huyu baba kila ikilia.

"Dada yake, kitinda mimba wangu, yuko mbali," akaniambia. "Siku hizi hata kunipigia hanipigii. Anaandika salamu tu, basi."

Jamaa akanivuta pembeni. Akaninong'oneza nimwekee tu mama afurahi, kwani hicho kidude cha kusomea kinaongea Kiingereza tu, na mama hana hata Kiingereza cha kuombea maji.

Nikamwitikia kwa kichwa. Zamani kweli kilisoma Kiswahili kama mlevi. Siku hizi sauti ya Kiswahili ipo, unaipakua tu.

Nikaipakua. Nikaweka njia ya mkato: ukibana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, msomaji anaamka. Nikamweleza mama kwamba akigusa mara moja atatajiwa alichogusa, akigusa mara mbili kinafunguka.

Mama akabana. Akagusa. Sauti ya kike, Kiswahili cha kunyooka, ikajaa kibandani.

"Kitinda Mimba. Mama, mbona hunijibu? Nikipiga sikupati. Daktari anasema jicho lililobaki bado linatibika, ila tusichelewe. Kaka anasema hutaki kuja. Nimekukosea nini?"

Jamaa akarusha mkono aichukue simu, eti mashine inakosea. Mama akaikumbatia kifuani.

Nikaomba niitazame. Namba ya binti ilikuwa imezuiwa isipige, zikawa zinapita meseji za mtandaoni tu. Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti.

"Kwa nini, baba?" mama akauliza.

Jamaa akajikuna shingo. "Sasa ukienda huko, Mama, mimi nitapikiwa na nani?"

Wallahi, hivyo ndivyo alivyosema. Mama yake anapapasa jiko kwa mikono, yeye anawaza sahani. Ndipo nikatoka nje kutema.

Niliporudi, mama hakuwa analia. Aliniomba nimwonyeshe pa kurekodi sauti, akamwambia binti maneno machache: "Ni mimi. Njoo unichukue."

Kisha akanigeukia.

"Fundi, umenifundisha kuwasha huyu wa simu. Huyu wangu aliyekuwa ananisomea, anazimwa wapi?"

Jamaa aliinama akitazama viatu vyake.

Binti alikuja. Jicho liliokolewa nusu tu, kwa sababu walichelewa, na nikimkumbuka yule bwana natema tena.

Nyie mnaowasomea wazazi simu, someni kilichoandikwa. Na mafundi wenzangu, mteja asiyeona mwekeeni lugha yake, halafu ndugu wasubiri nje.