Siku Thelathini na Tisa Bila Chapati

Daftari lenyewe bado ninalo. Lina jalada la kijani, na nililinunua kwa ajili ya kozi ya Kiswidi niliyoiacha katikati, kwa hiyo kurasa nne za mwanzo ni vitenzi. Kuanzia ukurasa wa tano ni binti yangu. Upande wa kushoto niliandika alichokula, upande wa kulia amenawa mikono mara ngapi. Mimi niliishia darasa la saba, sijui wenye elimu yao hupima vipi mambo kama haya, lakini niliwaza kwamba nikiandika kila kitu bila kujipendelea, ukweli utajitokeza wenyewe. Haukujitokeza. Nasema mapema ili mtu asije akanidai mwishoni.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Ana ugonjwa ambao Waswidi wanauita tvång: akili inakulazimisha kufanya kitu, nawe unajua hakina maana, lakini usipokifanya hofu inakukaba. Kwake ilikuwa mikono na chakula. Alinawa mpaka ngozi ikapasuka, na hakula kitu kilichoguswa na mtu mwingine, hata mimi niliyemzaa. Ndizi alikula kwa sababu anamenya mwenyewe. Yai la kuchemsha, hivyo hivyo. Kulikuwa na wiki nzima tuliyoishi kwa ndizi na mayai kama tuko safarini.

Kule kliniki, ambako tulikuwa tunapanda treni mbili kutoka kwetu Bredäng, pembeni ya Stockholm, mwanasaikolojia wake alikuwa mama wa Kiswidi mpole ambaye soksi zake hazikufanana hata siku moja. Alimwambia aupe ugonjwa jina, ili ajue anagombana na nani. Binti yangu akauita Bosi. Kisha wakachora ngazi kwenye karatasi. Kidato cha chini: kubonyeza kitufe cha lifti na kutonawa. Cha pili: kula mkate alioushika mama. Wakapanda hivyo. Kidato cha juu kabisa aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: kula keki kutoka mkononi mwa shangazi.

Shangazi yake, yaani wifi yangu, alikuwa anaolewa mwezi wa sita. Harusi zetu mnazijua. Bibi harusi anakata keki, anawaita ndugu mmoja mmoja, na anamlisha kila mtu kwa vidole vyake huku ukumbi mzima unapiga vigelegele. Binti yangu angeshika kikapu cha maua, na zamu yake ingefika. Alikuwa amemuahidi shangazi yake. Mwaka ule hakutaka baiskeli, hakutaka simu. Alitaka kulishwa keki.

Sasa, dayati, yaani kuacha vyakula fulani, iliingilia wapi? Iliingia kupitia Rissne, mtaa mwingine wa jiji hilo hilo. Huko anakaa rafiki yangu, Mrundi, tunaimba naye kwaya, yeye sauti ya pili na mimi popote nitakapoangukia. Aliona kwenye simu mwanamke fulani anayesema mtoto wake alipona baada ya kuacha ngano, maziwa na sukari.

"Weye jaribu tu," akaniambia. "Wiki sita. Utakufa?"

"Tayari ana mtaalamu."

"Huyo anashika kichwa. Tumbo nani analishika?"

Nikamuuliza mwanasaikolojia, nikijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Alisema hajui ushahidi wowote wa kutosha kwamba chakula cha namna hiyo kinaondoa tvång, na kwamba wasiwasi wake ni mmoja: mtoto ambaye tayari ana sheria nyingi, tunamwongezea nyingine. Lakini kama nimeshaamua, nesi angempima uzito kila tukija, na mazoezi ya ngazi yasisimame. Nikaona huyu mama ni mtu wa haki. Na rafiki yangu naye ni mtu wa haki, maana alikuja na treni kutoka Rissne akiwa na kilo tano za unga wa mhogo mgongoni. Nikaanza Jumatano.

Jamani, nyumba ile! Niliamuru wote tufuate, ili mtoto asijione peke yake. Ugali ukaruhusiwa, nikashangilia kama nimeshinda bahati nasibu. Wali ukaruhusiwa. Lakini chapati! Mume wangu hula chapati kama wengine wanavyovuta hewa. Nilijaribu kumpikia kwa unga wa mchele, ikatoka kitu kigumu pembeni na kibichi katikati. Akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaniangalia.

"Hii ni ya kula au ya kuweka chini ya mguu wa meza?"

"Kula, baba. Ni kwa ajili ya mwanao."

Akala. Siku ya tisa nikamkuta nje ya kituo cha treni cha Bredäng, ameugeukia ukuta kama mtu anayejisaidia, anakula andazi la mdalasini. Tena la pili, maana karatasi zilikuwa mbili. Niliandika daftarini: *Baba, ngano, maziwa, sukari, mara mbili.* Haki ni haki. Mimi nami siku ya kumi na tatu, kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nilipewa kahawa na keki na bibi wa miaka tisini na moja ambaye huumia akikataliwa. Nikaiandika pia. Kwa herufi ndogo, lakini niliiandika.

Wa pekee ambaye hakuiba hata siku moja alikuwa binti yangu. Hata pipi za Jumamosi, ambazo kila mtoto wa Sweden anazingojea wiki nzima, aliziweka kwenye boksi akafunga kwa gundi ya karatasi.

Na namba zikaanza kushuka! Mikono mara thelathini kwa siku, kisha ishirini na mbili, kisha kumi na tisa. Wiki ya nne akala wali niliomchotea mimi. Nilimpigia rafiki yangu nikiwa nimesimama juu ya kochi, sijui kwa nini juu ya kochi.

"Nilikwambia! Tumbo!" akapiga kelele.

"Ni tumbo!" nikapiga kelele pia.

Mume wangu akauliza kutoka jikoni, "Na ngazi je? Si wiki hiyo hiyo amefika kidato cha nne?"

Nikashuka kwenye kochi. Kweli. Vyote viwili vilikwenda pamoja, na mimi sikuwa na mtoto wa pili wa kumfanyia kimoja kimoja. Nikaandika: *Sijui ni kipi.* Halafu nikarudi juu ya kochi, maana wali alikula, na hilo nililijua.

Lakini kuna jingine niliona, na lazima niliseme. Alianza kusoma pakiti. Kila pakiti, mara nne, kidole kikifuata maandishi. Dukani tulikuwa tunasimama mbele ya maharage ya kopo mpaka watu wanatuzunguka. "Mamma, är det säkert?" ananiuliza, ni hakika? Kliniki walikuwa wamenifundisha kwamba maswali ya namna hiyo yanamlisha Bosi, na jibu langu liwe moja tu: sijui. Nikawa mama anayesimama dukani na kopo la maharage anasema sijui, sijui, sijui, na mzee mmoja wa Kiswidi akaniambia kwa huruma, "Ni maharage, bibi." Na mizani ya nesi ikaonyesha mtoto amepungua kilo moja na nusu. Nesi hakunifokea. Aliandika tu. Mimi nilitamani anifokee.

Mume wangu alihesabu kwenye kalenda: harusi iliangukia siku ya thelathini na tisa. Bado siku tatu wiki sita zitimie.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Mtu mwingine angeacha dayati. Mtu mwingine angekataa keki. Mimi nikataka vyote. Nikaoka kijikeki changu cha unga wa mchele, ndizi mbivu na mafuta ya nazi, nikakiweka kwenye boksi la aiskrimu, maana kwetu boksi la aiskrimu ndilo sanduku la kila kitu. Asubuhi, wakati wifi anapakwa poda, nikamnong'oneza.

"Wifi, zamu ya mtoto ikifika, mlishe hiki. Vidole ni vyako, keki ni yangu."

"Wifi yangu, mimi nitamlisha hata kiatu, ilimradi afungue mdomo," akasema bila kugeuza kichwa.

Ukumbi tulioazima ulikuwa Rissne, na saa tisa alasiri jua lilikuwa kali kana kwamba Sweden nzima imealikwa. Binti yangu alimwaga maua vizuri, nimwambie nani. Kwa mikono mitupu! Nilikuwa nimemwekea glavu nyeupe kwenye mkoba wangu endapo angezitaka, naye hakuziulizia. Kisha MC akashika maikrofoni. MC wetu ni mtu mwema ambaye hajawahi kusema kitu kwa sauti ndogo, na wifi, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemweleza.

"Sasa shangazi anamlisha mtoto wake! Na huyu mtoto, mabibi na mabwana, ana keki yake maalumu! Ya dayati! Mama yake ameoka! Mama yuko wapi, asimame!"

Nikasimama. Ningefanya nini? Binti yangu akanigeukia uso umejaa aibu, na nikaona midomo yake inahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Bosi alikuwa ameshafika ukumbini.

Wifi akafungua boksi la aiskrimu. Akashika kipande kwa vidole viwili, akakiinua, na keki yangu ikafa. Sina namna nyingine ya kuisema. Haikukatika, haikuanguka, ilibadilika tu ikawa mchanga, ikamwagika yote kifuani mwa bibi harusi, ndani ya gauni.

Wifi akachungulia ndani ya gauni lake.

"Wifi," akasema, na maikrofoni ilikuwa karibu, "umenijengea nyumba humu?"

Jamani! Watu walicheka mpaka viti vikaanza kusogea. Bwana harusi alitoa leso akataka kusaidia, akaona mahali penyewe ni mbele ya wachungaji wawili, akairudisha mfukoni. Rafiki yangu wa kwaya alikuwa amelala juu ya meza. Na binti yangu, binti yangu alikuwa ameinama ameshika magoti, anacheka kwa kile kicheko chake cha zamani cha kukoroma puani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu akiwa darasa la kwanza.

Wifi akalamba vidole vyake. Kimoja kimoja, mbele ya mtoto. Nikaushika mkoba wenye glavu, maana mate hayakuwamo kwenye ngazi, mate hata mwanasaikolojia hakuthubutu kuyaandika. Kisha kwa vidole vile vile akachukua kipande cha keki kubwa: ngano, maziwa, sukari, na juu yake krimu kama theluji. Akakishika mbele ya mdomo wa mtoto, akangoja. Hakumsogezea.

Binti yangu akaacha kucheka. Akanitazama kupita vichwa vya watu wote.

"Mamma, får jag?" Naruhusiwa?

Siku thelathini na tisa. Bado tatu. Kurasa zote zile. Na sikujua ananiuliza kuhusu dayati yangu au ni Bosi anauliza kama ni salama. Nilifungua mdomo nikiwa sijachagua neno, na likatoka lile nililolizoea.

"Sijui, mama'ngu."

Na kweli sikujua. Mara zote dukani nilikuwa nalisema kama nilivyofundishwa. Mara hii lilikuwa la kwangu.

Akafumba macho. Akafungua mdomo.

Siwezi kueleza vigelegele vile. MC alipiga kelele kitu ambacho hakuna aliyekisikia, mara ya kwanza katika maisha yake. Mume wangu alikuwa anambusu mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa nimefika mbele bila kujua, nikakalia boksi la aiskrimu. Binti yangu alitafuna polepole, krimu kwenye pua, akameza, akasema kwa Kiswidi kwamba ni tamu mno, kisha akaenda chooni.

Ndiyo, alikwenda kunawa. Nisiseme uongo. Nilimfuata nikasimama nje ya mlango nikisikiliza bomba. Mara moja. Labda mbili, kuna mtu alipita na spika. Alipotoka akanikuta nimeshika daftari na kalamu, maana nilikuwa nimelibeba kwenye mkoba pamoja na zile glavu. Akasoma ukurasa, safu ya kulia, namba zote.

"Umekuwa unanihesabu?"

"Ili nijue nini kinakusaidia."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akafikiri. "Mamma, wewe una Bosi wako?"

Nilimjibu kwamba sijui, akacheka tena kwa puani, akarudi kucheza.

Jumapili nikapika chapati. Rafiki yangu alilalamika kwenye simu kwamba zimebaki siku mbili tu na sasa hatutajua kamwe. Ana haki, hatutajua. Mwanasaikolojia alifurahi kuhusu keki, lakini alisema kazi bado ipo, naye ana haki, maana Jumanne kitufe cha lifti kilitushinda tukapanda ngazi za jengo ghorofa sita. Lakini Jumapili ile binti yangu aliingiza mikono kwenye unga pamoja na yangu, kwenye beseni moja, wakati baba yake anacheza jikoni na pakiti tupu ya ngano ameikumbatia kama bibi harusi. Chapati ya kwanza nilimkatia mtoto kwa mkono, akaichukua. Ukurasa wa siku ya arobaini hauna namba upande wa kulia. Nilitaka kuiandika, nikashika karatasi, na vidole vyangu vilikuwa na mafuta, kalamu ikakataa.