Dawa Haishukuriwi

Nilipokuwa mtoto sikusifiwa kwa uzuri wala kwa masomo, nilisifiwa kwa adabu. Tuliishi Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, Waswahili mjini mle tukiwa bado wa kuhesabika. Baba alikuwa akinunua nguo Shisanhang, soko la jumla, na kuzituma Zanzibar. Mama alikaa na mdogo wangu Yahya kwenye chumba chetu cha ghorofa ya tano. Neno la kwanza nililolijua la watu wa kule lilikuwa "doje", yaani asante. Nilimwambia muuza mboga, nilimwambia dereva wa basi, hata mtu aliyenikanyaga nilimwambia. Nilikuwa na miaka tisa, nacheza na watoto wa jirani kutwa, kwa hiyo mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi.

Yahya alikuwa na miezi minane alipopata homa. Siku mbili tulisema ni meno. Siku ya tatu kifua kikawa kinabonyea kila akivuta pumzi, na ziwa halitaki. Mama akasema apelekwe hospitali. Baba akasema kwanza tumpigie Bibi kule Zanzibar, mama yake, aliyelea watoto tisa na kuzika mmoja tu. Tulisimama kwenye kibanda cha simu, baba kaninamia ili nami nisikie.

"Mafuta ya zeituni," alisema Bibi. "Yasomee, umpake kifuani na mgongoni. Lakini yafuate mwenyewe yanapokamuliwa, usinunue ya dukani yaliyopita mikono ya watu. Na usipatane bei. Dawa haipatanwi, wala haishukuriwi. Ukisema asante umeirudisha."

Mama mwenye nyumba wetu, Mchina mpole, alituelekeza mji mmoja wa kale ulioko juu ya kilima, mabasi mawili na saa tatu za njia. Huko, alisema, wanakamua zeituni tangu enzi za mababu. Asubuhi yake mama alisimama mlangoni na mtoto begani.

"Baba Maimuna, huyu hapumui vizuri."

"Alasiri tumesharudi," alisema baba.

Mji ule naukumbuka kuliko mitaa niliyoishi. Ngazi za mawe zilipanda katikati ya nyumba za matofali meusi kwa ukungu, na kila kizingiti kilikuwa na ungo wa matunda ya rangi ya zambarau iliyoiva ikawa nyeusi. Tulimkuta bibi kizee na wanawe wawili kwenye banda la kukamulia. Matunda waliyalainisha kwa maji ya moto, wakayatoa kokwa, wakayaponda, wakayapika kwa mvuke, kisha wakayafunga kwa majani makavu kama mikate na kuyapanga ndani ya gogo lililochongwa katikati. Wale wanaume walivuta boriti iliyoning'inia, wakaipigiza kwenye kabari zilizoyabana yale matunda. Kila kishindo, gogo liliguna na uzi mwembamba wa mafuta ukachuruzika. Kazi haikuwa na haraka. Baba aliketi akisubiri chupa ijae, mguu wake ukitikisika bila kutulia.

Bei ilipotajwa alilipa bila neno, yeye ambaye Shisanhang alijulikana kwa kung'ang'ania mpaka wenye maduka wakacheka. Bibi kizee akanikabidhi chupa. Halafu akachovya mkono kwenye mtungi, akanipa zeituni moja iliyotiwa chumvi, huku ananishika shavu.

"Doje," nikasema.

Baba aligeuka. "Umeshukuru nini?"

"Tunda, baba."

Ndani ya basi aliibana chupa magotini akawa anaisomea, na katikati ya kisomo akaniuliza tena, polepole, "Una hakika ni tunda?" Sikuwa na hakika. Mkono mmoja nilishika chupa, mwingine tunda, na neno lilikuwa limetoka lenyewe.

Tulifika magharibi. Baba alimpaka Yahya kifua na mgongo, akampaka tena. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi. Mama alimfunika, akashuka ngazi, nasi tukamfuata hadi hospitali. Daktari aliuliza ameanza lini kuhema hivi. Nikatafsiri. Akauliza mbona hamkumleta jana. Hilo nalo ilibidi nilitafsiri mimi, kwa mama, na mama akamtazama baba. Yahya hakuiona asubuhi. Tulimzika bado ananukia yale mafuta.

Baba alipompigia Bibi kumpa habari, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani alishukuru?"

Baba alinitazama. "Mimi, mama," akasema. "Nilisahau."

Kwa miaka mingi sikutamka asante kwa mtu yeyote, ikawa nasemwa sina adabu. Niliamini nimemuua mdogo wangu, na nilimpenda baba kwa mapenzi ya mtu aliyetunziwa siri yake. Ukubwani niliuona mzeituni wa kweli kwenye bustani ya miche: majani membamba, tunda dogo. Matunda ya kule kilimani, ingawa Wachina huyaita zeituni, yalikuwa ya mti mwingine kabisa. Nilisimama pale nikalia, maana kumbe hata dawa yenyewe haikuwa dawa, na mimi sikuirudisha popote.

Mama hajawahi kuiamini habari ya asante. Aliniuliza jambo moja tu, siku tumekaa jikoni, mimi nikiwa na watoto wangu: "Kule kilimani mlikaa muda gani?"

"Mchana kutwa, mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Baba sasa ni mzee na dawa zake humpa mimi. Huzipokea kimya, amefumba mdomo, mpaka leo hashukuru dawa. Simlaumu. Asante yangu aliibeba yeye, tena mbele ya mama yake. Lakini ule mchana hakuubeba mtu, na Yahya alikufa kwa ule mchana.