Mabuto ine ya rangi

Mu kambi ya Lushebere, muntu anachunga sana luga yenye anasema mbele ya batu. Mimi nilijua ile, na bado ni mimi njo nilitengeneza page yenye ilikuwa inauliza bamama wachagule luga.

Tulikimbia Ngungu na batoto wangu, tukaacha maharagi mu shamba. Tangu ile siku barabara ya kurudia iko imefungwa. Nyumba yetu ni sheeting ya plastiki na miti, na ya jirani iko karibu sana: mutoto akikohola kule, wangu wanaamuka. Unageuka huku, ukuta. Unageuka kule, batu.

Parokia njo ilinipatia kazi, juu nilisomaka mashini ya kompyuta mu masomo ya mangaribi. Tulikuwa tunaandika mafundisho ya bamama: maji safi, mihogo, magonjwa ya batoto. Enternet haiko. Mafundisho yote iko mu kasanduku kamoja ka wifi ku ukuta ya kanisa. Unakaribia na telefone, inafunguka.

Luga zilikuwa ine: Kifaransa, Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda. Kila luga na page yake ya kwanza. Mbele ya zote niliweka page ingine ya kuingilia, na mabuto ine makubwa za kufinya na kidole, kila luga na rangi yake. Zilikuwa zinaonekana hata mbali. Nilifurahi juu ya ile.

Asubui moja mama jirani alikuya ku ukuta. Mutoto wake alikuwa anaharisha. Bamama bengine walisimama nyuma yake, wanangoja. Nikamuona anafinya bleu, Kifaransa. Kifaransa hajue. Nikafikiri kidole kimeteleza, nikaendelea na kazi yangu.

Saa sita akaniita: mutoto anakatala kunywa maji ya chumvi na sukari yenye alimutengenezea. Nilionja ile maji, ikanikata ulimi.

— Dada, uliweka vijiko ngapi ya chumvi?

— Sawa vile umeandika. Kimoja ao mbili. Nikaweka mbili, juu anaharisha sana.

Mu Kifaransa tuliandika 1/2 pembeni ya picha ya kijiko. Mu luga zingine tatu tuliandika na maneno: nusu ya kijiko.

Tulimwanga ile maji, tukatengeneza ingine: litre moja ya maji safi, vijiko sita ya sukari, nusu ya chumvi, vijiko vidogo vya kusawazisha juu. Tukamupatia kidogo kidogo mu njia mupaka ku hopitali. Munganga akasema mutoto atapona, lakini tumeponea padogo. Njo nikamuuliza yule mama:

— Kwa nini haukufinya luga yako?

Aliniangalia sawa vile unaangalia mutoto amemwanga unga.

— Na wewe, mama. Nifinye ile rangi yako, batu bote bale wanaona? Kesho watasema niko wa bale wanafunga barabara.

Luga yake sitaiandika hapa. Yangu pia hapana.

Nilipiga magoti mu kanisa, nikaomba Mungu anisamehe ile rangi. Kisha nikaita papa wa Buleusa mwenye anasimamia kazi yetu.

— Nataka kutosha page ya kuchagula, isikuwe tena.

— Mama, sasa batu wataingilia wapi? Basi acha telefone ichagule yenyewe.

— Telefone zote za hapa zinasema Kifaransa, papa. Zinatoka ku duka vile. Ikishamutupa kule, atatokea wapi?



— Unataka nini?

— Luga zote ine chini ya kila picha. Kusikuwe kitu ya kufinya.

— Itakuwa murefu sawa barabara ya Walikale.

— Hata Walikale batu wanafika.

— Weye haujaipita hii mwaka, akasema, anacheka. Lakini alikubali.

Nilifanya juma nzima. Niliandika nusu na maneno pahali pote, na mu Kifaransa pia. Rangi nikatosha zote, nikaacha nyeusi.

Siku ya yenga, kisha misa, mama jirani alirudi na mutoto mu mugongo. Bamama walikuwa nyuma yake tena, kifua kwa mugongo, juu ule ukuta uko mufupi. Alifungua, akasukuma na kidole gumba mupaka ku picha ya kijiko. Macho yake ikashuka ku maneno, ikasimama, midomo ikaanza kutembea pasipo sauti.

Sikuangalia ilisimama ku luga gani.