Makofi ya Wanyange

Harufu ya nkejje walioanikwa hukufikia kabla hujawaona. Ni visamaki vidogo kama kidole, na kule Wanyange, ufukweni mwa ziwa mashariki ya Jinja, shangazi yangu Nabirye aliwatandaza juu ya jiwe pana lililolamba jua kuanzia asubuhi. Harufu hiyo huingia kwenye nywele, kwenye gauni, hata kwenye daftari la hesabu. Kila nilipomaliza likizo na kurudi nyumbani Walukuba, mtaa wa mjini Jinja, paka wa mtaa mzima walinipokea kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na binadamu. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alifanya kazi kiwandani pamoja na Wakenya, na kwa watoto wao nilikuwa nimeokota Kiswahili na matusi yake yote. Kule Wanyange wengi hawakukijua. Walikisikia kwa wanajeshi waliotawala nchi tu, na walichosikia kilitosha kuwanyamazisha.

Likizo moja kapteni mmoja akapapenda pale penye jiwe. Alitaka kujenga nyumba ya mapumziko, na jiwe liwe baraza lake la kukaa akitazama maji. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, hakuchukua hivi hivi: aliitisha mkutano ili asikie maoni ya wananchi. Maoni yenyewe yalipangwa namna hii. Yeye na karani wake walikaa kwenye viti, askari wawili wenye bunduki wakasimama nyuma yao, sisi tukakaa chini kwenye majani. Viti vilichukuliwa nyumba za jirani, na alichokalia kapteni kilikuwa cha shangazi, kile chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Kwa hiyo shangazi alikwenda kutetea jiwe lake huku kiti chake kimeshakaliwa.

Kapteni alihutubu kwa Kiswahili muda mrefu, karani akitafsiri kwa Kisoga, lugha yetu, kila alipokumbuka. Sisimizi wakaigundua miguu yangu. Sasa, kwetu mtu akimaliza kusema hushukuriwa kwa makofi, hata kama amesema upuuzi. Ni adabu tu, kama kumwambia mgeni pole na safari. Kapteni alipovuta pumzi, nikaona nafasi ya kumsaidia amalize. Nikapiga makofi. Mzee mmoja akadhani hotuba imekwisha, naye akapiga, na wote wakafuata kwa mpigo mmoja safi kabisa. Nilijiona mjanja sana. Karani akainama, akaandika.

Ndipo shangazi akapiga magoti, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya mbele ya wakubwa, akaeleza kwa Kisoga kwamba jiwe lile ndilo shamba lake, ameanika hapo tangu aolewe, na watoto wake watano wanakula kutoka juu yake. Nyumba ijengwe upande wa pili, kwenye nyasi. Alisema taratibu, akionyesha kwa mkono.

"Afande, mama anasema karibu," karani akatafsiri.

"Hakusema hivyo," nikasema kabla sijafikiri. "Anasema jiwe ni lake. Jenga kule kwenye nyasi."

Askari mmoja akahamishia bunduki bega la pili. Kapteni alinitazama, akacheka.

"Toto hii najua Swahili. Sasa sikia. Watu yote napiga makofi, mimi nasikia na masikio yangu. Karani, wewe naandika nini?"

"Wananchi wamekubali kwa makofi, afande."

"Basi. Wewe nataka mimi nakataa makofi ya mama yako?"

Kapteni aliposimama, shangazi alikwenda kwenye kiti chake, akakipangusa kwa leso yake mahali pale kapteni alipokuwa amekaa, akajitwika kichwani na kupita katikati ya wale askari wawili. Hawakumzuia, nadhani hawakuwa na amri kuhusu viti. Njiani aliniambia, "Mikono yako ina haraka. Kesho itabeba samaki." Ikabeba, likizo nzima, kutoka ufukweni hadi juu ya paa lake la mabati, maana jiwe lilizungushiwa seng'enge siku iliyofuata. Wiki ya mvua samaki walioza pale juu, na binamu zangu wakala mihogo mitupu.

Sasa nina miaka kumi na sita, nasoma Mbale, na wanajeshi bado wanatawala. Wiki iliyopita mwalimu mkuu alituita ukumbini asikie maoni yetu kuhusu bustani ya maharage ya wanafunzi, ambayo bwana mkubwa mmoja anaitaka aegeshe malori yake. Yeye kwenye kiti, sisi chini. Bunduki haikuwepo, ila fimbo juu ya meza, na mimi na fimbo hiyo tunafahamiana vizuri. Alipomaliza kusema, niliona wenzangu wakiinua mikono. Ya kwangu nilikuwa nimeikalia.

"Mwalimu," nikasema, "kabla ya makofi, katibu atusomee alichoandika."

Katibu, kiranja wetu, aliitazama karatasi, akamtazama mwalimu mkuu, akakohoa. Kisha akasoma, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unamngoja. Wino ulikuwa umekwisha kauka: wanafunzi wamekubali kwa makofi.

Hakuna aliyepiga, hata mmoja. Mimi nilichapwa fimbo sita kwa utovu wa adabu, na malori hayajaja. Leo asubuhi maharage yametoa maua, nimeyapalilia matuta mawili nikiwa nimeinama, maana kukaa bado kunanishinda.